Kupima impidansi ya bomba la mwale kwa waya: dalili, vyanzo na marekebisho

Chembe zenye chaji (mwale) zinapokimbia ndani ya bomba la chuma la kichapuzi, mashine ya kuziongezea kasi, ukutani mwa bomba hukimbia mkondo wa chaji kinyume, bega kwa bega nazo. Bomba likiwa laini, lenye upana mmoja na chuma kinachopitisha umeme vizuri, mkondo huo hupita bila bughudha. Likipanuka ghafla, likibanwa, likitobolewa tundu la pampu au likiungwa kwa flanji zisizogusana sawasawa, mkondo hulazimika kuzunguka, na nyuma ya chembe hubaki uga wa umeme na sumaku unaolisubiri fungu la chembe linalofuata. Ukubwa wa usumbufu huo katika kila masafa ndio impidansi ya mwale, dhana iliyoasisiwa na Vittorio Vaccaro pale CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, mwaka 1966.

Hapa Mombasa hatuna kichapuzi cha utafiti, lakini bomba la kichapuzi linapimika mezani. Unanyoosha waya mwembamba katikati ya bomba na kupitisha ishara ya masafa ya juu. Uga unaouzunguka waya huo unafanana sana na uga wa chembe zinazokwenda karibu na kasi ya mwanga. Njia hii ilielezwa na Sands na Rees wa SLAC, maabara ya vichapuzi ya Marekani, mwaka 1974, na mpaka leo vifaa vipya hupimwa hivyo kabla ya kufungwa kwenye mashine. Kwa kipande cha bomba la alumini, fundi mzuri wa kukereza na VNA ndogo ya mkononi (kifaa kinachotuma ishara na kupima inayovuka na inayorudi kwa kila masafa), mwanafunzi wa fizikia au uhandisi wa chuo cha Tudor au Kilifi anaweza kuona kwa macho yake jinsi badiliko dogo la bomba linavyobadili impidansi.

Malalamiko yanayoletwa baada ya siku ya kwanza ya kupima ni yale yale, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili. Jambo moja nalisisitiza kwa kila anayeniuliza: kabla hujaitafuta fizikia mpya, fuata njia ya mkondo wa ukutani kwa kidole, kuanzia konekta ya kwanza hadi ya mwisho. Kidole kikikuta ufa, rangi, gundi, kutu au skrubu iliyolegea, anzia hapo.

Vipimo vya mfano

Mahesabu yote hapa chini yanachukulia bomba lenye kipenyo cha ndani cha mm 50, urefu wa mita 1, na waya wa shaba wa mm 0.5. Bomba na waya vikiwa pamoja huwa kebo ya koaksia (waya katikati ya ganda la chuma), na impidansi ya kebo hiyo, ambayo si impidansi ya mwale, ni 60 mara logi asilia ya uwiano wa vipenyo. Uwiano ni 100, logi yake 4.605, jibu ni ohm 276. VNA na kebo zake ni za ohm 50, kwa hiyo kila ncha huwekwa rezista ya mfululizo ya ohm 226 ili ishara inayofika mwisho wa bomba isirudi nyuma. Rezista ya ohm 220 inapatikana kwa urahisi na inatosha. Mpangilio ukiwa sawa, bomba tupu huonyesha S21 (sehemu ya ishara inayovuka kutoka ncha hadi ncha) ya karibu −15 dB, mstari uliotulia unaoshuka pole pole masafa yanapopanda. Kama hujaupata mstari huo, usiendelee na kifaa unachotaka kukipima.

"Mwalimu, bomba ni tupu lakini mstari unapanda na kushuka kotekote"

Hii ndiyo dalili ya kwanza kwa karibu kila mtu. Maana yake kuna sehemu mbili zinazorudisha ishara, na ishara inapigana danadana kati yake. Usikimbilie kubadilisha vitu. Chukua kalamu, upime umbali kati ya kilele na kilele kwenye mstari wa masafa. Kwenye hewa, urefu kati ya sehemu hizo mbili ni kasi ya mwanga gawa kwa mara mbili ya umbali huo wa masafa. Vilele vikiachana kwa MHz 150, urefu ni mita 1, yaani ishara inagonga ncha mbili za bomba lako. Vikiachana kwa MHz 100, angalia kebo: ndani ya kebo ya kawaida yenye plastiki ishara huenda kwa asilimia 66 hivi ya kasi ya mwanga, na MHz 100 ni kebo ya mita 1.

Bomba likiwa ndilo lenye kosa, chanzo cha kawaida ni rezista. Ama haikuwekwa kabisa, na hapo karibu asilimia 70 ya volteji ya ishara hurudi kwenye kila ncha, ama imewekwa ikiwa na miguu mirefu. Mguu wa sentimita moja una indaktansi ya karibu nH 10, ambayo kwenye GHz 1 ni ohm 63 zilizojificha. Kata miguu hadi ibaki mifupi kabisa, au tumia rezista ndogo zisizo na miguu zinazolehemiwa moja kwa moja kwenye pini ya konekta. Rezista za kuzungushiwa waya zisikaribie kazi hii, kwa sababu kwenye masafa haya ni koili.

Chanzo cha pili ni mwili wa konekta usiogusa kifuniko cha bomba pande zote. Konekta ya SMA iliyoshikwa kwa skrubu mbili kwenye kifuniko kilichopindika kidogo huacha upenyo upande mmoja. Cha tatu ni kalibresheni: imefanywa bila kebo zilizopo sasa, au imefanywa kifaa kikiwa ndiyo kwanza kimewashwa. Kiache kipate joto lake kwa nusu saa kwanza, kisha urudie hatua zote ukiwa na kebo zile zile utakazopimia.

Mawimbi yakibaki madogo baada ya hapo, weka kipunguza ishara cha dB 6 au 10 kwenye kila ncha karibu na bomba. Kitakula kiasi cha ishara, lakini kitakula zaidi ile inayokwenda na kurudi. Anayetumia NanoVNA ya awali, ile VNA ndogo ya mkononi, akumbuke kwamba juu ya MHz 300 kifaa hicho hutegemea harmoniki, yaani vizidisho vya masafa yake ya msingi, na kelele huongezeka. Vipunguza ishara vizito havimfai.

"Kuna bonde jembamba kwenye mstari, na nikishika bomba linahama"

Dalili hii inastahili muda wako kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyowasumbua wenye mashine kubwa pia. Bonde linalohama unapoweka mkono nje ya bomba linakuambia kwamba uga umetoka nje. Ukuta wa alumini wa milimita mbili haupitishi masafa haya hata chembe: kwenye GHz 1 mkondo hupenya mikroni mbili tatu tu. Kwa hiyo kuna upenyo mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye maungio.

Mita ya ohm itakudanganya hapa. Bolti moja iliyokazwa vizuri inatosha mita kusoma sifuri, lakini mkondo wa ukutani haupiti mahali pamoja. Umetandaa mduara mzima. Kati ya bolti na bolti, flanji zikiwa zimeachana kwa unene wa karatasi, pale pana mwanya mrefu ambao unaweza kulia kwa masafa yake wenyewe. Mwanya wa mm 75, ukifungwa ncha zote mbili, hulia karibu GHz 2.

Jaribu hivi. Zungushia ungio utepe wa shaba, au karatasi ya alumini ya jikoni iliyokunjwa mara kadhaa na kubanwa kwa kibano cha bomba. Pima tena. Bonde likipotea au likihama mbali, umempata mhalifu. Likibaki palepale, nenda kwenye ungio linalofuata, kisha kwenye vifuniko.

Baada ya kulijua ungio lenye kosa, fungua na uangalie nyuso zake kwenye mwanga, ukiziinamisha. Ndani ya mduara wa bolti utaona pete ya mng'aro pale chuma kilipogusana, na mahali pengine rangi ya kijivu iliyofifia. Ile kijivu ni alumini iliyoshika oksidi, na oksidi ya alumini haipitishi umeme. Hewa ya pwani yenye chumvi huongeza mabaka meupe ya unga juu yake. Sugua kwa msasa laini uliowekwa juu ya kioo bapa, ukizungusha flanji kwa mtindo wa namba nane, hadi mng'aro uwe mduara kamili. Futa kwa spiriti, kisha funga siku hiyo hiyo. Bolti zikazwe kwa kuvuka, moja na ile inayoelekeana nayo, kidogo kidogo. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, upande wa pili utainuka.

Flanji ikiwa imepindika, msasa hautaiponya. Irudishe kwenye mashine ya kukereza na fundi aikereze uso mmoja bila kuitoa kwenye chaki, kishikio cha mashine hiyo, au weka kati yake pete ya waya laini wa shaba uliochomwa moto na kupozwa ili ulegee. Waya huo utajibonyeza mahali pote palipobaki wazi.

Bomba la mikunjo nalo huleta dalili hii hii. Mikunjo ni mfululizo wa vyumba vidogo, na ndiyo maana kwenye vichapuzi hufunikwa kwa ndani na vidole vyembamba vya chuma vinavyoteleza na kuendelea kugusa bomba linapojinyoosha. Kidole kikiacha kugusa, hali huwa mbaya kuliko kutokuwa na vidole, maana mwanya mwembamba una uga mkali. LHC, kichapuzi cha CERN chenye mzunguko wa km 27, iliyapata hayo: mwaka 2011 na 2012 baadhi ya mikunjo yake ilikutwa na vidole vilivyopinda na kuharibika kwa joto lililoletwa na mwale wenyewe, na chanzo kilikuwa vidole kupoteza mgusano. Mashine jirani yake, SPS, karibu na mwaka 2000 ilizibiwa mamia ya matundu ya pampu kwa ngao za chuma kwa sababu vyumba hivyo vilikuwa vikivuruga mafungu ya chembe. Unaposugua flanji yako kwenye meza ya Tudor, unashughulikia ugonjwa ule ule.

Hapa pana onyo la kwanza la kusimama. Vidole vya kugusa vilivyotolewa kwenye vifaa halisi, hata vipande vya mitumba, mara nyingi ni vya shaba yenye berili. Usivipige msasa, usivikwaruze kwa tupa, wala usivilehemu ukiwa huna uhakika ni metali gani. Vumbi la berili huharibu mapafu na madhara yake hayaponi. Viache vilivyo, viweke kwenye mfuko uliofungwa, na umwulize mtaalamu wa metali au mhusika wa usalama wa maabara.

"Nimeunga bomba pana katikati, sasa mstari wote umejaa mawimbi. Hiyo ndiyo impidansi ya ngazi?"

Ngazi ni pale bomba linapobadilika upana ghafla. Sehemu kubwa ya mawimbi hayo siyo yake. Bomba likipanuka kutoka kipenyo cha mm 50 hadi mm 80 na waya ukabaki ule ule, kebo yako ya koaksia imebadilika kutoka ohm 276 hadi ohm 304. Waya unaona badiliko hilo na kurudisha ishara kidogo, asilimia 5 hivi ya volteji, kwenye kila ngazi. Mawimbi yanayoachana kulingana na urefu wa sehemu pana yanatoka hapo.

Kutofautisha ni rahisi. Badilisha waya. Ukiweka mwembamba zaidi, mrudisho unaotokana na mpangilio wa waya hupungua, kwa sababu ohm 28 za tofauti zinakuwa sehemu ndogo zaidi ya jumla. Kile ambacho bomba lenyewe linaleta, baada ya kuhesabiwa kuwa ohm, kinabaki pale pale au kinasogea kidogo tu. Hesabu upya rezista za nchani kila unapobadilisha waya. Wa mm 0.1 unadai ohm 373 kwa bomba hili, yaani rezista ya karibu ohm 323.

Ngazi ya kweli, kwenye masafa ya chini, huonekana kama indaktansi: hubadilisha awamu ya ishara (kuchelewa kwake) kuliko ukubwa wake. Kwa hiyo anayetazama dB peke yake atasema ngazi haina athari. Fungua mchoro wa awamu, toa awamu ya bomba la rejea, yaani bomba tupu la kulinganishia lenye urefu ule ule, na utazame mstari unaobaki. Kisha mwambie fundi akuchongee kipande chenye mteremko badala ya ngazi. Mteremko wa polepole ndio dawa inayotumika kwenye mashine zote, na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo impidansi inavyoshuka. Kwa bomba hili, kutoka ngazi kali hadi mteremko wa nyuzi 15 ni tofauti ambayo mwanafunzi anaweza kuichora yeye mwenyewe.

Usipandishe kipimo juu ya GHz 3 kwa bomba la mm 50. Kuanzia GHz 3.5 bomba lenyewe huanza kupitisha mawimbi kama mfereji, na kuanzia GHz 4.6 aina nyingine yenye uga wa umeme katikati hujiunga. Hapo hujui tena ishara imepitia njia gani.

"Chemba inatakiwa kulia kwa masafa fulani, lakini waya ukiwa ndani siioni"

Chemba ni chumba kipana katikati ya bomba. Ya duara yenye nusu kipenyo cha mm 60 hutegemewa kulia karibu GHz 1.9. Matundu makubwa ya bomba katikati yake huisogeza juu. Kwa kuwa masafa hayo yako chini ya GHz 3.5, mlio hauwezi kutoroka kupitia bomba, umenaswa. Mlio wa namna hiyo ndio hatari kwa mashine halisi, kwa sababu unadumu mpaka fungu linalofuata lifike.

Tatizo ni waya. Ukishaweka waya, bomba linakuwa koaksia isiyo na masafa ya ukomo, yaani inapitisha hata masafa ya chini, na nguvu iliyonaswa inapata mlango wa kutokea. Mlio husogea na kupanuka, na mara nyingine hufifia hadi ukafanana na kelele. Kwanza hakikisha hatua za masafa kwenye VNA ni ndogo kuliko upana wa mlio: alama 101 zikitandazwa kwenye GHz 2 zinaachana kwa MHz 20, na bonde la MHz 2 linapita katikati yake bila kuonekana. Kaza dirisha hadi MHz 100 na upime vipande vipande. Hili peke yake humaliza malalamiko mengi.

Likishindikana, toa waya kabisa. Weka kwenye kila ncha ya bomba kipini kifupi cha antena kilicholehemiwa kwenye konekta, kifupi kiasi kwamba kilele cha mlio kisizidi −40 dB. Kikiwa kirefu, kitaukokota mlio kama waya ulivyofanya. Masafa ya kilele gawa kwa upana wake pale kinapoteremka dB 3 ndio ubora wa mlio, Q. GHz 1.9 kwa upana wa MHz 1 ni Q ya 1900.

Anayetaka kujua uga umekaa wapi ndani ya chemba atumie mshipi wa nailoni, ule ule wa kuvulia. Funga ushanga mdogo wa plastiki kwenye mshipi, uvute pole pole katikati ya bomba, na kila hatua uandike masafa ya mlio. Yanashuka kwa kiasi kinacholingana na mraba wa uga wa umeme pale ushanga ulipo. Mshipi uwe mwembamba na uvutwe na uzito uleule mwanzo hadi mwisho.

Kikitokea kilele usichokitegemea, sogeza waya milimita 3 kutoka katikati. Kilele kinachokua haraka kwa kusogeza waya ni cha aina ya pembeni, ile inayosukuma mwale kushoto na kulia. Waya uliolegea hukileta wenyewe: wa mm 0.5 kwa mita 1, ukivutwa na nguvu ya niutoni 1, hulala mm 2 katikati. Ukivutwa na niutoni 5, hulala chini ya nusu milimita. Ning'iniza nusu kilo ya maji kwenye chupa kupitia roda ndogo na tatizo litaisha.

"Nimebadilisha chuma kisichoshika kutu kwa shaba, sioni tofauti"

Huwezi kuiona kwa njia hii. Kwenye GHz 1, mita moja ya bomba la shaba la mm 50 ina upinzani wa ohm 0.05 hivi, na la chuma kisichoshika kutu ohm 0.3 na zaidi kidogo. Waya wako wa mm 0.5 peke yake una karibu ohm 5. Tofauti unayoitafuta ni sehemu chache tu za elfu za dB moja. Pima kwa Q ya chemba badala yake. Huko aina ya metali inajitokeza wazi.

Kwenye mashine yenye maelfu ya mita, ohm hizo ndogo hujumlika. Ndiyo sababu ngao ya ndani ya bomba la LHC ni ya chuma chenye tabaka la shaba la mikroni 75.

"Sehemu halisi ya impidansi imetoka hasi"

Bomba halizalishi nguvu. Hasi ndogo inayochezacheza karibu na sifuri ni kelele tu. Hasi inayodumu kwenye eneo pana ina vyanzo vitatu, kwa mpangilio huu: bomba la rejea lilipimwa siku nyingine au kwa waya mwingine, urefu wa rejea haulingani na wa kifaa, rezista iliguswa au kebo ilipindwa katikati ya vipimo viwili. Pima rejea, pima kifaa, kisha pima rejea tena. Rejea mbili zisipolingana, tupa zote na uanze upya.

Hakikisha pia fomula. Kwa impidansi ya mwale iliyotandaa bomba zima, Z ni −2 mara ohm 276 mara logi asilia ya S21 ya kifaa gawa kwa S21 ya rejea. Anayesahau alama ya kutoa hupata kila kitu hasi. Ili uangalie kama ukubwa wa jibu lako unaingia akilini: kushuka kwa dB 0.2 ni karibu ohm 13.

"Asubuhi ilikuwa sawa, jioni imebadilika"

Tafuta feni. Feni ya juu ikipuliza meza, waya unatetemeka na mstari unacheza. Izime wakati wa kupima hata kama joto linasumbua. Kisha konekta: karibu na bahari uso wa konekta hufifia upesi, hasa zikiachwa wazi msimu wa kusi. Zifunike kwa vifuniko vyake, zihifadhi kwenye kopo lenye vifuko vya kukausha unyevu, na uzifute kwa spiriti kabla ya kufunga. Mwisho, stima ikipotea na kurudi, kalibresheni ya zamani usiiamini hata kama kifaa kinasema ipo.

"Nimeweka feraiti kuua mlio, haikufanya kitu"

Feraiti ni kauri yenye usumaku, kama ile ya kwenye kebo za kompyuta. Pengine umeiweka mahali pasipo na uga wa sumaku. Feraiti hula uga wa sumaku, na katika chemba ya duara uga huo ni mkali karibu na ukuta wa nje, dhaifu katikati. Isogeze huko. Feraiti za kebo za kompyuta pia hazikutengenezwa kwa GHz 2. Baadhi hufanya kazi, nyingine hapana, kwa hiyo jaribu zaidi ya moja. Kwenye mashine halisi nguvu inayoliwa hugeuka joto ndani ya feraiti, na ikizidi kiwango chake inapoteza usumaku. Bonde lililopotea mezani halitoshi kusema kifaa kinafaa kwa mwale.

Pa kusimama na kumwita mwenye kazi

VNA hutoa ishara dhaifu sana na haiwezi kukudhuru. Mara tu mtu anapopendekeza kuunganisha amplifaya ya nguvu ili "tuone vizuri", simama. Bomba lenye ungio bovu linavuja, na macho ndiyo huumia mapema.

Kipande kilichotoka kwenye mashine halisi au kinachokwenda kwenye mashine kisiguswe kwa mkono mtupu wala msasa. Mafuta ya kidole yanaharibu ombwe, na mkwaruzo kwenye ukingo wa kuzibia unaweza kukifanya kisifae tena. Kazi hiyo ni ya fundi wa ombwe.

Mashine za hospitali zinazotibu saratani ni vichapuzi vya elektroni. Ndani yake mna volteji za makumi ya maelfu, kapasita zinazobaki na chaji baada ya stima kuzimwa, na eksirei wakati mwale umewashwa. Usifungue kifuniko chake kwa udadisi, hata ukialikwa na mtu unayemfahamu, na hata ikiwa mashine imestaafishwa. Ni kazi ya mhandisi aliyeidhinishwa, na nchini Kenya vifaa vya mionzi viko chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia kwa sheria ya mwaka 2019.

Na ukiwa umepitia dalili yako hatua kwa hatua na bado mstari haueleweki, unapomwendea mwalimu au mtaalamu wa masafa ya juu, nenda na haya: faili la S21 la bomba la rejea na la kifaa, lenye awamu, si picha ya skrini, kipenyo cha ndani cha bomba kilichopimwa kwa kalipa sehemu mbili, unene wa waya na uzito unaouvuta, thamani ya rezista ulizozipima wewe mwenyewe, na picha ya karibu ya kila ungio likiwa wazi, nyuso zote mbili.